TRENI HAIWEZI KUKWEPA

Wanachama wenzetu,

Ajali haina kinga, ndivyo wasemavyo watu matangani. Sisi wa reli twajua ya kuwa ajali ya kivuko cha reli ina kinga, nayo ni dakika chache za kungoja.

Tarehe 30 Oktoba 2013, asubuhi, basi la abiria liligongwa na treni hapo Mutindwa, Nairobi. Watu zaidi ya kumi walikufa. Mwezi wa Agosti 2025 basi jingine likagongwa upande wa Naivasha, na roho za watu zikapotea tena.

Kila mara watu huuliza, "Kwa nini dereva wa treni hakusimamisha?" Na tuwajibu waziwazi. Chuma juu ya chuma hakishiki kama mpira juu ya lami. Treni ya mizigo iliyo mbioni huweza kuhitaji kilomita moja au zaidi mpaka isimame, hata breki zote zikifungwa. Tena haina usukani wa kwendea kando. Dereva akiona gari juu ya reli, amebakiwa na mambo mawili tu, honi na breki. Na kwa ukubwa wake treni hudanganya macho: huonekana yaja polepole, kumbe yaja mbio.

Mwandishi wa maneno haya alikuwa siku moja ndani ya injini, mvua ikinyesha, matatu ikaingia kivukoni ikazimika. Tulifunga breki, tukapiga honi, kisha hatukuwa na kazi nyingine ila kutazama nyuso za watu madirishani. Ikawaka, ikaondoka. Tuliposimama tulikuwa tumekwisha pita mahali pale mbali sana. Dereva hakusema neno mpaka stesheni. Lakini wako wenzetu ambao kwao gari halikuwaka, na nyuso hizo wanazo hata leo.

Basi ninyi madereva, shikeni haya. Simameni kabla ya reli. Zimeni redio, fungueni dirisha, tazameni pande zote mbili. Msiingie kama ng'ambo hakuna nafasi ya kutosha. Msibadili gia juu ya reli. Gari likizimika na treni yaja, toeni watu wote mara moja, mwache gari. Ondokeni relini, mkienda kwa mshazari upande ule treni inakotokea, ili vipande vya gari visiwapige. Na wewe abiria, usimhimize dereva.

Lakini si haki kuwalaumu madereva peke yao. Reli ya zamani ilifika Nairobi mwaka 1899, kabla ya magari. Leo mitaa imeizunguka. Kivuko chenye majani marefu, kisicho na geti, taa wala mlinzi, ni mtego. Twawataka wenye mamlaka wafyeke, waweke alama, na waajiri walinzi. Mshahara wa mlinzi si kitu mbele ya maiti kumi.

Nasi wanachama, tukiona kichaka kimefunika kivuko au alama imeanguka, tusinyamaze. Mwambie msimamizi wako, kisha uandike mahali na siku, umpe katibu wa tawi. Chama si cha mishahara tu.

Wasomeeni maneno haya jirani zenu wenye magari.

Mhariri