Msimwite Profesa Tu

Nchi hii, ikitaka kumheshimu mwigizaji wa kike, kwanza humvua uigizaji. Ndivyo tunavyomfanyia Amandina Lihamba.

Alizaliwa mkoani Morogoro mwaka 1944. Hapa mjini Mbaraka Mwinshehe hahitaji kutambulishwa. Mtaje Lihamba, na anayemfahamu atakujibu haraka: "Aa, yule profesa wa Mlimani!" Ni kweli, ni profesa. Alipata udaktari Leeds mwaka 1985, akiwa ametafiti siasa na maonyesho ya jukwaani baada ya Azimio la Arusha. Lakini mbona cheo kinatajwa kama vile kinamsafisha na kitu?

Mtazame kwenye filamu ya Maangamizi (2001), ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Anacheza Samehe, mgonjwa ambaye hajatamka neno kwa miaka ishirini. Mwigizaji akinyimwa maneno hubaki na macho, mabega na pumzi. Filamu hiyo ndiyo ya kwanza Tanzania kuipeleka kushindania Oscar. Joho gani linafundisha ukimya wa namna ile?

Mwaka 1996 yeye na Penina Mlama, naye mzaliwa wa mkoa huu huu, walianzisha Tuseme. Wasichana wa sekondari wanachambua yanayowakwaza shuleni, wanayatungia mchezo, kisha wanayaigiza mbele ya walimu na wenzao. Hapo uigizaji haukuwa burudani ya kufungia mahafali. Ulikuwa njia ya binti kusema jambo ambalo asingethubutu kulisema ofisini kwa mwalimu.

Utaniambia msichana asome kwanza, sanaa itamsubiri. Nami niliambiwa. Nilipopendekeza tasnifu ya uzamili kuhusu waigizaji wa kike, mwalimu mmoja aliniuliza kama sina mada ya maana. Najua hofu iliyo nyuma ya ushauri huo: sanaa hailipi, na mwigizaji wa kike huitwa malaya kabla hajaitwa msanii. Lakini tukimficha nyuma ya uprofesa, tunakuwa tumekubaliana na wanaomtukana.

Huku Uluguru ukoo hufuatwa kwa mama. Basi na sanaa turithi kwa mama. Binti wa Mgeta au Matombo akisema anataka kuigiza, asiambiwe kwamba kuna profesa aliyewahi kuigiza. Aambiwe kwamba mkoa wake umezaa mwigizaji, tena mwigizaji aliyekuwa na la kufundisha chuo kikuu.