Gesi ya Ziwa Kivu: tusiulize megawati tu

Kila mara gesi ya Ziwa Kivu inapotajwa hapa Goma, tunauliza itatoa megawati ngapi na nani atafaidika. Ni maswali ya haki. Lakini kuna swali la tatu ambalo halisikiki, wala kwenye mikutano ya mashirika ya kiraia wala redioni: gesi kiasi gani itachomwa ndani ya kiwanda chenyewe kabla ya kumfikia mama anayepikia makala pale Ndosho au Majengo?

Ziwa letu linabeba metani karibu mita za ujazo bilioni 60. Jirani zetu wa Rwanda tayari wanaitumia: mtambo wa KivuWatt, huko Karongi, ulizinduliwa mwaka 2016 na unatoa megawati 26 hivi. Upande wetu, Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza zabuni ya vitalu 30, 27 vya mafuta na 3 vya gesi ya Kivu. Mpaka leo bado tunapikia makala, mengi yakitoka katika misitu ya Virunga.

Mwanzo wa kazi hii ziwa lenyewe linatusaidia. Bomba linashushwa zaidi ya mita 300, maji yanaanza kupanda, shinikizo linapungua, gesi inatoka kama soda iliyofunguliwa, na mapovu yake yanayavuta maji mengine juu bila pampu kuendelea kusukuma. Kisha gesi inaoshwa kwa maji ya ziwa hilohilo, kwa sababu gesi kaboni inayeyuka ndani ya maji kwa urahisi kuliko metani. Hapo moto hauhitajiki.

Ila gesi inatoka ikiwa imelowa. Kama inachomwa palepale ufukweni kutoa umeme, unyevu kidogo si tatizo kubwa. Lakini kama tunataka ipite katika mabomba mpaka mitaani, au ijazwe kwenye mitungi ya shinikizo kubwa, lazima ikaushwe vizuri. Unyevu ukichanganyika na gesi kaboni unakula chuma. Shinikizo likipanda, unaweza kugeuka vipande kama barafu na kuziba bomba.

Njia inayotumiwa sana duniani kukausha gesi ni glikoli, kimiminika cha ukoo mmoja na kile ambacho madereva wanaweka kwenye radiateri. Gesi inapanda ndani ya mnara, glikoli inashuka na kunywa maji yake. Baadaye glikoli nayo inakaushwa kwa moto wa karibu nyuzi 200 ili itumike tena. Pia kuna maji ya kuoshea mitambo na yale yanayovuja, yenye glikoli kidogo sana. Hapo ndipo moto mwingi unapotea.

Kila anayepika anaijua hesabu hii hata kama hajaisoma shuleni. Kuchemsha sufuria ya maji ni jambo moja. Kuyaacha yachemke mpaka yakauke yote ni jambo lingine. Kugeuza maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji joto karibu mara saba ya lile lililoyafikisha kwenye kuchemka. Sasa chukua kilo kumi za maji machafu yenye kilo moja ya glikoli. Ukitaka kuirudisha kilo hiyo kwa kuchemsha tu, lazima ugeuze kilo tisa za maji kuwa mvuke.

Njia bora zipo. Ya kwanza ni kusukuma maji kwa shinikizo kupitia utando mwembamba unaozuia sehemu kubwa ya glikoli. Maji mengi yanaondoka bila kuchemshwa, na moto unabaki kwa sehemu ndogo iliyokuwa nzito. Ya pili ni kupanga vyungu vitatu: mvuke wa cha kwanza unachemsha cha pili, wa cha pili unachemsha cha tatu, kila kimoja kwa shinikizo dogo kuliko kilichotangulia. Jambo hilo halipaswi kutushangaza sisi tunaoishi mita 1,500 juu ya bahari. Hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, ndiyo maana maharagwe yetu yanakawia kuiva. Shinikizo likishuka, hata joto dogo linatosha kuchemsha. Na joto hilo lipo bure: injini ya gesi inageuza umeme chini ya nusu ya nguvu ya gesi, sehemu kubwa ya iliyobaki inatoka kama joto.

Kwa nini basi kampuni isitumie njia hizo yenyewe? Kwa sababu jiko la kuchemshia ni rahisi kununua, na gesi inayochomwa ndani ya kiwanda hailipiwi na mtu kama mkataba haukusema. Hasara hiyo inaangukia ziwa letu na watoto wetu.

Ndiyo maana masharti matatu yaandikwe katika kila mkataba. Kwanza, kampuni itaje kwa tarakimu: katika kila mita 100 za gesi, ngapi zitatumika ndani ya kiwanda. Pili, joto la injini litumike kwanza, kabla ya kuwasha moto mwingine wa kukaushia. Tatu, maji yenye glikoli yasirudishwe ziwani. Glikoli ikioza inamaliza hewa ndani ya maji, na sambaza wanaishi katika tabaka la juu lenye hewa, wala si kule chini. Wataalamu wa OVG na wa vyuo vikuu vyetu wapewe ruhusa ya kupima, na matokeo yatangazwe.

Najua kuna watakaosema huu si wakati wake. Tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa M23, benki zilifungwa, watu wanatafuta chakula cha leo. Ni kweli. Lakini mikataba ya madini na mafuta ya nchi hii imetufundisha kitu: mara nyingi inaandikwa wakati wananchi wamechoka na hawana nafasi ya kusoma. Ikishasainiwa inadumu miaka mingi, hata kama waliosaini wameshaondoka.

Wanafunzi wetu wa ufundi na wa sheria waanze kuzisoma hesabu hizi sasa. Siku karatasi zitakapowekwa mezani, Goma iwe na watu wa kuuliza gesi ngapi inatoka ziwani, ngapi inafika jikoni, na tofauti yake imekwenda wapi.