Mgeni wa Baiskeli Asiachwe Peke Yake



Katika jiji la Dar es Salaam, kama ilivyo katika miji mingine ya nchi yetu, wako wanaokwenda kazini kwa baiskeli kwa kuwa wanaipenda. Wako pia wale ambao nauli ya kwenda na kurudi, ikijumlishwa kwa mwezi mzima, ingekula chakula cha watoto wao. Miongoni mwao kila mara anaongezeka mgeni: kijana aliyepata kibarua bandarini, mama aliyeanza biashara mbali na nyumbani, mlinzi aliyehamishiwa lindo jipya. Mgeni huyu hununua baiskeli ya mtumba, huijaribu jioni uchochoroni, na Jumatatu alfajiri huingia Barabara ya Mandela katikati ya malori ya makontena. Hakuna aliyemwonyesha njia, wala aliyemweleza jambo lolote juu ya hatari zinazomngoja.

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2023 inaeleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 walipoteza maisha katika ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hawa hawana bodi la chuma la kuwakinga. Kwa hiyo usalama wa mpanda baiskeli ni suala la haki: ni nani anayehesabiwa kuwa mtumiaji halali wa barabara iliyojengwa kwa kodi ya wote, na ni nani anayeonekana kuwa kikwazo tu mbele ya gari.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanyika. Mwaka 2016, mabasi yaendayo haraka yalipoanza safari zake katika Barabara ya Morogoro, kandokando ya barabara hiyo zilikuwa zimejengwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Hiyo ni hatua ya kushukuriwa. Hata hivyo, mgeni anayetoka Vingunguti au Buza haanzii safari yake penye njia hiyo. Na anayeifikia mara nyingi huikuta imeingiliwa na pikipiki, magari yaliyoegeshwa na meza za wafanyabiashara ambao nao wanatafuta riziki. Barabara njema huchukua miaka kujengwa, ilhali mgeni wetu anasafiri kesho asubuhi.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kila mtaa na kila jumuiya ianzishe mpango wa wenzi wa safari. Maana yake ni nyepesi: mtu aliyezoea kwenda kazini kwa baiskeli anaambatana na anayeanza, kwa siku chache za mwanzo, mpaka yule mgeni aweze kwenda mwenyewe bila hofu. Jambo hili si ndoto. Katika jiji la São Paulo nchini Brazil, mwaka 2010 walijitokeza watu wa kujitolea walioanza kuwasindikiza wapanda baiskeli wapya na kuwafundisha wasiojua kabisa. Waliuita mpango wao Bike Anjo, yaani malaika wa baiskeli. Jiji hilo lina msongamano mkubwa wa magari, lakini hawakusubiri msongamano uishe ndipo waanze.

Kazi ya mwenzi huanza kabla ya safari. Kwanza waikague baiskeli pamoja: upepo wa matairi, breki za mbele na za nyuma, mnyororo, kengele na taa. Kisha wachague njia. Njia ya daladala si lazima iwe njia ya baiskeli. Aghalabu ipo mitaa ya ndani, mirefu kidogo, isiyo na malori. Waipite kwanza Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tupu, ili mgeni ajue mashimo yalipo, maji yanapotuama wakati wa masika, na fundi wa kuziba pancha anapokaa. Baada ya hapo waende pamoja siku za kazi, walau wiki moja. Mwendo wa kilomita nane huweza kuchukua dakika arobaini hivi kwa anayeanza, wala asiharakishwe.

Njiani yako mambo ambayo hayajifunzwi vema kwa maneno. Mgeni, kwa woga, hujibana ukingoni karibu na mtaro; mwenzi amwonyeshe kukaa kiasi cha mita moja kutoka ukingoni, mahali anapoonekana. Amwonye asipite karibu mno na magari yaliyoegeshwa, kwani mlango hufunguliwa ghafla. Amkataze kabisa kujipenyeza kushoto kwa lori au basi linalotaka kukata kona kushoto, kwa kuwa dereva hamwoni kwenye kioo chake. Amfundishe kutazama nyuma na kunyoosha mkono kabla ya kubadili upande. Na penye makutano makubwa, amwambie kwamba si aibu kushuka na kuikokota baiskeli kwenye kivuko cha waenda kwa miguu.

Tunaomba jambo moja lizingatiwe kwa uzito. Mabingwa wa barabara zetu ni muuza mikate, mchuuzi wa samaki na muuza maji, ambao wamepita humo miaka mingi wakiwa na mizigo. Katika mpango huu hao ndio walimu. Karani wa ofisi anayetaka kuanza kutumia baiskeli atapaswa kumfuata muuza mikate na kumsikiliza. Tunaona katika hilo heshima ambayo watu hawa wamecheleweshewa kwa muda mrefu.

Zipo taratibu ambazo hazina budi kuwekwa. Mwenzi asidai malipo. Awe mtu anayefahamika katika mtaa. Mwanamke anayeanza apangiwe mwanamke mwenzake akipenda, kwani wengi huacha baiskeli kwa kuchoshwa na maneno ya kejeli kuliko kwa kuchoshwa na mwendo. Mtoto asisindikizwe bila ridhaa ya wazazi. Na mwenzi awe na ujasiri wa kusema, "Ndugu yangu, njia hii haifai," pale anapoona kwamba hakuna namna ya kuipita salama.

Huenda mtu akauliza: je, hatuwapeleki watu kwenye hatari? Tunajibu kwamba tayari wamo ndani yake, nao wamo peke yao. Lakini tunakiri kwamba mwenzi hawezi kulizuia lori linalokwenda kasi. Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari huchangamana mara kwa mara na waenda kwa miguu na wapanda baiskeli, isipokuwa pale penye ushahidi wa kutosha kwamba mwendo mkubwa zaidi ni salama. Hilo ni jukumu la wenye mamlaka, na wema wa jirani usifanywe kisingizio cha kulikwepa.

Kwa hiyo kila mwenzi awe na daftari. Aandike mahali pa hatari, saa, na sababu: mfuniko wa mtaro uliotoweka, taa isiyowaka, njia ya baiskeli iliyozibwa. Baada ya miezi mitatu madaftari yakusanywe na yapelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa diwani, kisha kwa wenye dhamana: TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, TARURA kwa barabara za mitaa. Malalamiko ya mtu mmoja husahaulika upesi. Orodha yenye tarehe na mahali, iliyoandikwa na watu ishirini wanaopita hapo kila siku, ni vigumu kuiweka kando.

Tunatoa wito basi kwa viongozi wa jumuiya na wa mitaa: katika mkutano wenu ujao andikeni majina mawili tu kwa kuanzia, la mmoja anayeijua njia na la mmoja anayeanza, na mkubaliane siku watakayotoka pamoja.