Njia ya Kuondoa si Mazingaombwe

Wanafunzi wengi wa sekondari waweza kuzidisha mlinganyo mmoja kwa 3, wakatoa mwingine, na kupata jibu sahihi. Ukiwauliza kwa nini yafaa kutenda hivyo, hunyamaza. Kwa maoni yangu, lawama si yao. Tumewafundisha njia ya kuondoa kana kwamba ni mazingaombwe ya herufi x na y, ilhali njia hiyo ni kongwe kuliko matumizi ya herufi hizo.

Yapata miaka 2,000 iliyopita, Wachina walikuwa na kitabu kiitwacho Sura Tisa za Sanaa ya Hisabati. Sura ya nane huanza na swali la nafaka. Miganda 3 bora, 2 ya wastani na 1 hafifu hutoa vipimo 39. Miganda 2, 3 na 1, kwa utaratibu uo huo, hutoa 34. Na miganda 1, 2 na 3 hutoa 26. Je, kila mganda hutoa vipimo vingapi?

Wachina walipanga vijiti vya kuhesabia, kila fungu katika safu yake. Walizidisha fungu la pili kwa 3, kisha wakatoa la kwanza mara 2. Miganda bora ikatoweka. Ikabaki 5 ya wastani na 1 hafifu, vipimo 24. Vivyo hivyo, fungu la tatu likaacha 4 ya wastani na 8 hafifu, vipimo 39. Walipoondoa na ile ya wastani, ikabaki miganda hafifu 36 yenye vipimo 99, yaani 2¾ kila mmoja. Kwa kurudi nyuma, wa wastani hutoa 4¼, na ulio bora 9¼.

Siri ni moja tu: vilivyo sawa vikipunguzwa kwa vilivyo sawa, masalio huwa sawa.

Wako watakaosema kwamba muda ni mfupi na mtihani u karibu. Lakini aliyekariri tu hupotea afikapo kwenye 0 = 0 au 0 = 7. Aliyeelewa hutambua kwamba katika hali ya kwanza ameambiwa jambo lile lile mara mbili, na katika ya pili habari alizopewa zinapingana.

Basi walimu, kabla ya kuandika x ubaoni, tuwape vijana vijiti au punje za mahindi. Nanyi wanafunzi, msiridhike na jibu mpaka mmelirudisha katika kila mlinganyo na kuona kwamba latimia.