Usilipie Programu ya Ramani Kabla Hujachora Ramani Tatu

Baadhi yetu katika timu hii ni watu wa Ntimaru, Kuria Mashariki. Tukirudi nyumbani likizo ya Agosti huwa tunakutana jioni, tunaweka chai mezani, tunatoa dadu na kuanza kucheza. Hatuchezi Ludo. Tunacheza ile michezo ya kuigiza ambapo mmoja anakuwa msimulizi, wengine wanakuwa wahusika, na dadu zinaamua kama umevuka mto salama au umeliwa na mamba. Mchezo maarufu zaidi wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Siku hizi hata sheria zake za msingi zinapatikana bure mtandaoni kihalali, kwa hivyo kuanza hakuhitaji pesa nyingi.

Shida inaanza pale kwa ramani. Wachezaji wanataka kuona mlima uko wapi, kijiji kiko wapi, mpaka unapita wapi. Kuna programu kibao za kuchora ramani za nchi za kubuni, na kila moja ina picha tamu za kukuvuta ulipe.

Sisi tulivutika. Tulijisajili kwa programu moja, jina tuliache, tukalipa mwaka mzima kwa kadi. Tukachora ramani moja tu. Tukasahau. Mwaka uliofuata, wiki ya pili ya Januari, kadi ikakatwa tena. Januari, jamani! Hiyo pesa ilikuwa imewekwa kando ya sare ya shule ya mdogo wetu. Na hatukuwa na wa kulaumu, kwa sababu masharti yalikuwa yameandikwa. Sisi ndio hatukusoma.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu: unapochagua programu ya ramani, usianze na urembo wake. Anza na jinsi inavyokutoza. Na usilipe chochote kabla hujamaliza ramani tatu kwa programu ya bure.

Piga hesabu kwanza

Programu hizi zinauzwa kwa njia mbili. Kuna ile unayonunua mara moja ikawa yako, na kuna ile unayolipia kila mwezi au kila mwaka. Ukiacha kulipa, huduma zake nyingi zinafungwa.

Tuchukue mfano. Programu A ni dola 30 mara moja. Programu B ni dola 25 kwa mwaka. Kwa haraka B inaonekana nafuu, si ndio? Sasa tuseme dola moja ni shilingi 130. A ni shilingi 3,900, imeisha. B ni shilingi 3,250 mwaka wa kwanza, 6,500 ukifika wa pili, na 9,750 ukifika wa tatu. Tena hiyo ni kama dola itakaa palepale, na wote tunajua dola haikai palepale.

Ongeza bando. Programu inayofanya kazi mtandaoni pekee inakula data kila unapoifungua. Ukiwa Nairobi kwenye Wi-Fi huwezi kuona uzito wake. Ukiwa Ntimaru, umeme umepotea na unatumia intaneti ya simu kwa laptopu, utauona. Programu inayokaa ndani ya mashine haikudai bando jioni ya mchezo.

Hatusemi kulipia kwa mwezi ni kubaya. Kama una kazi moja ya kumaliza, lipia mwezi mmoja, chora, hifadhi, sitisha. Ubaya ni kulipia kitu ambacho hukitumii.

Za bure zinatosha kuanza

Azgaar's Fantasy Map Generator inafunguka kwenye kivinjari bila malipo. Ukibofya, inakuzalia bara zima: pwani, mito, milima, falme, hata tamaduni na dini. Unaweza kurekebisha kila kitu. Tahadhari moja tu: pakua faili la ramani yako kwenye mashine, usiiache ndani ya kivinjari pekee. Siku utakayofuta data ya kivinjari, ufalme wako utaenda nayo.

Ukipenda kuchora kwa mkono, kuna Krita, programu ya bure ya uchoraji. Haikutengenezwa kwa ramani, na itakuchukua muda kuizoea, lakini haina deni. Na kama laptopu yenyewe hakuna, karatasi ya hesabu yenye miraba na penseli bado zinafanya kazi. Ramani zetu bora mbili zilichorwa hivyo.

Ramani ya tatu ikiisha, utakuwa unajua unachokosa. Hapo sasa ndio unaingia sokoni ukiwa na macho.

Ukiamua kulipa

Inkarnate ni rahisi kujifunza na inafanya kazi mtandaoni. Ina toleo la bure lenye picha chache, na toleo la kulipia. Kumbuka leseni: toleo la bure ni la matumizi binafsi. Ukitaka kuuza ramani au kuiweka kwenye kitabu cha kuuza, unahitaji lile la kulipia. Vijana wengi wanapata kazi za kuchora mtandaoni bila kulijua hili, na linaweza kuwaletea matata na mteja.

Wonderdraft unanunua mara moja, kwa muda mrefu imeuzwa karibu dola 30, na inafanya kazi bila intaneti kwenye Windows, Mac na Linux. Ni nzuri kwa ramani za nchi na mabara. Dungeondraft, ya mtengenezaji huyohuyo, ni ya ramani za ndani: vyumba, mapango, uwanja wa vita. Campaign Cartographer ni ya tangu miaka ya 1990, ina nguvu sana, lakini ni ya Windows na kuijua si kazi ya jioni moja.

Sisi tungeshauri mtu wa mashinani anunue Wonderdraft. Sababu ya kwanza ni hesabu tuliyopiga hapo juu. Ya pili ni kwamba inakuruhusu kuingiza michoro yako mwenyewe, na hili kwetu ni kubwa kuliko bei.

Kwetu kuna ramani za kutosha

Fungua programu yoyote kati ya hizi uone michoro iliyomo. Utakuta kasri za mawe za Ulaya, misonobari, vilele vya theluji. Sasa tafuta nyumba ya msonge. Tafuta banda la kukaushia tumbaku. Tafuta boma la ng'ombe. Ukikosa njia ya kuingiza vyako, kila hadithi yako itaishia Ulaya hata kama umeianzia Kegonga.

Na si kwamba hatuna. Hapa Migori kuna Thimlich Ohinga, maboma ya kuta za mawe yaliyojengwa bila udongo wa kuyashikanisha na bado yamesimama. UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Vuka Homa Bay, karibu na Kendu Bay, utafute ziwa Simbi Nyaima. Wazee wanasimulia kuwa bibi kizee alinyimwa pa kulala kijiji kikiwa kwa sherehe, na usiku huohuo kijiji kikazama. Msimulizi gani anahitaji joka la kukopa?

Halafu sisi watu wa mpakani tunaelewa ramani kuliko wengi. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani walikubaliana kugawana eneo hili kwa mstari uliofika Ziwa Viktoria kwenye nyuzi moja kusini mwa ikweta. Ndiyo maana Wakuria leo wako Kenya na Tanzania, ndugu huku na ndugu kule. Mtoto wa Ntimaru akichora mpaka kwenye ramani ya mchezo huwa anauliza swali ambalo programu haiwezi kumuuliza: nani anaishi pande zote mbili?

Lipa bila kujuta

Ukiwa tayari, fanya hivi:

Nunua kwa tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Yule mtu wa kwenye kikundi anayekuuzia "leseni ya maisha" kwa shilingi 300, utume kwa nambari yake binafsi, anakuuzia hasara. Programu iliyovunjwa kufuli inaweza kuja na kirusi cha kuiba nywila zako, na kurudishiwa hela uliyotuma mwenyewe si jambo la uhakika.

Tumia kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu yako, na uweke kiasi cha ununuzi huo tu. Kadi isiyo na salio haikatwi Januari.

Ukilipia kwa mwezi au mwaka, sitisha malipo ya kujirudia siku hiyohiyo uliyolipa. Mara nyingi utaendelea kutumia hadi muda wako uishe, lakini thibitisha kwenye masharti. Halafu weka kikumbusho kwenye simu wiki moja kabla.

Hifadhi risiti na ujumbe wa muamala. Ukikatwa visivyo, hizo ndizo za kuja nazo kwetu.

Na PIN yako ni yako peke yako. Hakuna muuzaji wa programu, wala mfanyakazi wetu yeyote, anayepaswa kukuuliza. Akiuliza, kata simu.

Sisi ramani yetu ya Agosti tayari iko mezani. Ina boma la mawe, ziwa lililomeza kijiji, na mpaka ambao hakuna mhusika anayekumbuka ni nani aliuchora. Haijatugharimu shilingi. Sare ya mdogo wetu nayo tutainunua kwa wakati.