Reli ikifungwa kwa matengenezo, nani atamlipa mtu wa treni?

LUBUMBASHI – Katika mji huu watu wanajua maana ya kungoja treni. Lubumbashi ilikua pamoja na reli. Gari la moshi la kwanza lilifika hapa mwaka 1910, likitokea upande wa Rhodesia, na tangu hapo shaba, mahindi, mafuta ya mawese na samaki wa Bukama vimepita juu ya vyuma hivyo. Leo kila mkubwa anayesimama mbele ya mikrofoni anasema reli itatengenezwa. Hakuna mkaaji anayepinga jambo hilo. Lakini kuna swali moja ambalo hotuba zote zinaliruka: njia ikifungwa miezi na miezi ili mafundi wafanye kazi, nani atamlipa yule ambaye treni yake imesimama?

Jibu la haki ni moja. Anayefunga njia ndiye alipe. Na malipo hayo yaandikwe kwenye mkataba kabla taruma la kwanza halijang'olewa, si baada ya watu kulia.

Kazi iliyopangwa si ajali

Mvua ikibeba daraja usiku, hakuna aliyejua. Lakini kufunga njia kwa matengenezo ni jambo linaloamuliwa ofisini, mezani, na karatasi zikiwa mbele ya watu. Tarehe ya kuanza inajulikana. Vipande vya njia vitakavyofungwa vinajulikana. Treni ngapi hazitapita, tani ngapi hazitabebwa, watumishi wangapi watakaa bila kazi, vyote vinaweza kuhesabiwa. Mtu anayeweza kuhesabu bei ya chuma na kokoto hawezi kusema kwamba hasara ya watu imemshinda kuhesabu.

Nchi nyingine zimekwisha kulijibu swali hili. Huko Uingereza mwenye reli ni Network Rail, na treni zinaendeshwa na makampuni mengine. Mkataba wa kutumia njia una sehemu nzima juu ya jambo hili. Network Rail ikifunga njia kwa kazi iliyopangwa, inailipa kampuni ya treni kwa mapato inayopoteza na kwa gharama ya mabasi yanayobeba abiria badala ya treni. Ikitangaza mapema, inalipa kidogo. Ikichelewa kutangaza, inalipa zaidi. Hivyo mwenye reli ana sababu ya kupanga vizuri na kumaliza haraka, kwa kuwa kila siku ya ziada ina bei.

Mfumo huo una kasoro. Fedha zinakwenda kwa kampuni, na abiria ambaye ratiba yake ilibadilishwa mapema kwa kawaida halipwi chochote kwa saa anazopoteza ndani ya basi. Kongo ichukue kilicho kizuri, iiache kasoro.

Mkono wa kulia haumdai wa kushoto

Hapa kwetu ugumu ni huu: SNCC ina reli, na SNCC hiyo hiyo ina treni. Ni kampuni yenye njia ya kilomita 3,641 na makao yake yako hapa Lubumbashi. Ikifunga njia yake, inajifungia yenyewe. Mkono wa kulia haumdai wa kushoto. Hasara inakosa mwenye kuidai, basi inateremka chini mpaka inamfikia asiyeweza kuisukuma mbele: dereva, fundi wa njia, mlinzi wa kivuko, mama anayeuza kwenye gare, abiria mwenye gunia moja.

Watumishi wa reli wanalijua hilo kwa miili yao. Historia ya SNCC ni historia ya mishahara ya nyuma, ya migomo, ya wazee waliostaafu wakafa wakidai. Mwaka 2010 Banki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 255 kwa mradi wa usafiri, na sehemu kubwa ilikuwa ya kuinua kampuni hiyo. Hata baada ya fedha hizo, watumishi waliendelea kudai mishahara yao. Nani basi ataamini kwamba treni zikisimama kwa matengenezo, mshahara hautasimama nazo?

Wengine wanasema SNCC ni mali ya Serikali, na Serikali haiwezi kujilipa fidia yenyewe. Hoja hiyo imepitwa na wakati. Tangu mageuzi ya mwaka 2009, SNCC iliingizwa kati ya mashirika yaliyogeuzwa kuwa kampuni za biashara, Serikali ikiwa mwenye hisa. Kampuni ya biashara ina hesabu zake, ina madeni yake, na inaweza kusaini mkataba. Tena fedha za kutengeneza reli hutoka kwa wakopeshaji na kwa makampuni ya nje. Wao ndio wanaotaka njia ipite haraka kwa madini yao. Mwenye kutaka njia ifungwe leo ili afaidike kesho aweke fedha mezani leo.

Wenye mawakili watajilinda

Swali hili si la kesho kutwa. Mwaka 2022 Angola iliyapa makampuni matatu, Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, haki ya kuendesha reli ya Lobito kwa miaka 30. Mwezi Desemba 2024 Rais wa Marekani alikwenda Angola, na Rais Félix Tshisekedi alikuwa pale pamoja na marais wa Angola na Zambia, kuzungumza juu ya njia hiyo. Kila mtu anajua kwamba upande wa Kongo, kutoka Dilolo hadi Kolwezi na Tenke, reli imechakaa. Huwezi kubadili vyuma na mataruma bila kusimamisha treni.

Makampuni makubwa yana mawakili. Yakikosa kupitisha shaba na kobalti kwa wiki kadhaa, yatafungua mkataba na kuonyesha kipengele cha fidia. Hakuna ubaya, hiyo ni haki yao. Ubaya ni kwamba mtumishi wa reli wa Lubumbashi, Likasi, Kamina au Kolwezi hana kipengele. Abiria hana. Mchuuzi hana. Mkataba unaomlipa mwenye shaba na kumsahau anayeendesha treni hautengenezi reli, unahamisha umaskini tu.

Treni isipokuwepo, watu hawakai nyumbani

Kuna wanaodhani kwamba treni ya abiria ikifutwa kwa muda, watu watavumilia. Haiko hivyo. Watu wanapanda chochote kinachopita. Mwezi Machi 2022, huko Buyofwe karibu na Lubudi, katika Lualaba, treni ya mizigo ilianguka. Watu 75 walikufa, na wengine zaidi ya mia moja waliumia. Wakubwa waliwaita waliokuwa juu yake wasafiri wa kificho. Lakini mtu hapandi juu ya behewa la mizigo na mtoto mgongoni kwa sababu anapenda. Anapanda kwa sababu treni ya abiria haipo, na barabara ni mbovu au nauli ya lori imemshinda.

Ndiyo maana fidia kwa mwendeshaji wa treni haiwezi kuwa hundi tu. Sehemu yake lazima iwe usafiri wa badala: mabasi na malori salama pale penye barabara, na pale pasipo na barabara, siku fulani za wiki treni ya abiria iachiwe kupita kati ya vipande vya kazi. Bila hivyo, kila mwezi wa matengenezo utakuwa mwezi wa watu kupanda juu ya mizigo.

Familia zilizohama makwao zinajua zaidi

Hakuna anayeelewa jambo hili kuliko familia zilizokimbia makwao. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa Katanga walilala kwenye gare za Likasi na Kolwezi, wiki baada ya wiki, wakingoja treni. Wengine walikufa pale pale, kwa njaa na magonjwa. Miaka ya karibuni vita vya Kasai vilihamisha watu zaidi ya milioni moja, na ugomvi wa Tanganyika ulitawanya familia za Nyunzu na Kalemie, miji ambayo reli inapita. Kwa watu hao treni ndiyo njia ya kurudi shambani, ya kumtumia mama mzee unga, ya kumfuata mtoto aliyebaki nyuma.

Wengine watahamishwa na reli yenyewe. Kolwezi, na hata miji mingine, zipo nyumba zilizojengwa karibu sana na njia. Kwa hao, sheria haina fumbo. Kifungu cha 34 cha Katiba ya mwaka 2006 kinalinda mali ya mtu, na kinasema kwamba kunyang'anywa kwa faida ya wote kunadai fidia ya haki, tena itolewe mbele. Kulipa kwanza, kubomoa baadaye. Kanuni hiyo hiyo inafaa kwa mshahara na kwa tiketi.

"Fedha zitaliwa"

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa wananchi wenyewe. Wanasema: mkiipa SNCC fidia, wakubwa wataila, na mtu wa chini atabaki na njaa yake. Wana sababu ya kuogopa hivyo. Lakini dawa ya wizi si kukataa haki, ni kuifunga haki hiyo kwa masharti. Fidia isitolewe kama fungu moja lililoingia kwenye sanduku la kampuni. Ilipwe kila mwezi, kwenye akaunti yake peke yake, na mwezi wa pili usilipwe mpaka orodha ya mishahara ya mwezi wa kwanza ionekane imelipwa. Vyama vya wafanyakazi viione hesabu hiyo. Ibandikwe kwenye gare, watu waisome.

Wapo pia wanaosema fidia itapunguza fedha za kununua vyuma. Kweli, itapunguza. Lakini hasara haipotei kwa kutolipwa. Inabaki, ila inalipwa na mtoto wa mtumishi aliyefukuzwa shule, na mama aliyekosa kuuza. Tofauti ni nani anabeba mzigo, na leo anayeubeba ni asiye na mgongo wa kuubeba.

Yanayopaswa kuandikwa

Mkataba wowote wa kutengeneza reli katika Haut-Katanga, Lualaba na majimbo jirani uwe na mambo matano. Tarehe za kufunga na kufungua njia zitangazwe kwenye redio miezi mitatu mbele, kwa Kiswahili, Kiluba na Kifaransa. Mishahara ya watumishi wa treni ilipwe kamili muda wote njia imefungwa. Mwenye tiketi arudishiwe fedha au apewe usafiri wa badala. Familia zitakazohamishwa na wachuuzi wa gare wahesabiwe na walipwe kabla ya kazi kuanza. Na kazi ikipita tarehe, malipo yapande kila wiki mpaka njia ifunguliwe.

Wabunge wana uwezo wa kuwaita wakubwa wa reli na mawaziri na kuwauliza kila kimoja kati ya hivi. Mashefu wa mitaa wanaweza kuanza leo kuandika majina ya familia zinazokaa kandokando ya njia, ili siku ya kuhesabu isije ikakuta vitabu vyeupe. Vyama vya wafanyakazi vya SNCC visingoje gare ifungwe ndipo vidai kuuona mkataba. Siku hiyo utakuwa umekwisha kusainiwa.