Msibane mafunzo ya saa tatu kwenye DVD moja

Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara, leo naweka jembe pembeni nizungumzie DVD.

Msimu uliopita tulirekodi mafunzo ya viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Video ikafika karibu saa tatu. Nikamwambia kijana aliyetuhariria aiingize yote kwenye DVD moja, tupunguze gharama. Tulipoionyesha kwenye banda la video, mama mmoja akauliza, "Bwana shamba, hayo madoa manne yako wapi?" Nikatazama kwenye skrini. Kiwavi alikuwa vigaevigae vya kijani. Ile alama ya Y iliyopinduliwa kichwani haipo, madoa manne meusi ya mraba karibu na mkia hayapo. Na kwa alama hizo ndipo mkulima anamtofautisha na viwavi wengine kabla ya kununua dawa. Kosa lilikuwa langu, si la kijana.

DVD ya kawaida ina GB 4.7 tu. Ni kama tanki moja la maji: ukimwagilia eka moja mimea inashiba, ukimwagilia tatu yote inanyauka. Video ya saa moja na nusu inapata karibu megabiti 7 kwa kila sekunde, pamoja na sauti. Ya saa tatu inapata nusu yake, na kinachopotea kwanza ni vitu vidogo vidogo: madoa, mayai, kutu ya jani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni DVD mbili. Najua wauza DVD watanilaumu, wateja wamezoea diski moja yenye filamu nane. Filamu ya ngumi haidhuriki sana ikififia. Somo la ugonjwa linadhurika.

Mkienda kwa fundi, mwambieni aitoe video kutoka kwenye kazi aliyohariri yenyewe, si ile aliyokwisha kuibana kwa ajili ya WhatsApp. Ikibanwa mara mbili haiponi. Iwe MPEG-2 ya PAL, 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. Kwa dakika 90, picha ipewe megabiti 6. Sauti iwe AC-3, maana sauti isiyobanwa inakula megabiti moja na nusu peke yake, na hapo ni mtu anaongea tu shambani!

Wengine watasema DVD imepitwa, tupeane kwa simu. Sawa, mwenye simu kubwa apewe. Ila deki kuukuu nyingi hazisomi MP4, na kwenye banda wanakaa watu hamsini.

Fundi achome moja kwanza, aifunge vizuri mwishoni, kisha ijaribiwe kwenye deki kongwe kuliko zote kijijini. Simamisheni picha kwenye kiwavi, muhesabu madoa. Yakitimia manne, nakala nyingine zichomwe.